Tupeane uzoefu: nani hapa alishawahi kupoteza sauti?

Mwl_wa_Zamu: Jana nimemsikia mhubiri kwenye spika sauti imekwaruza mpaka nikajishika koo. Mimi nafundisha darasa la kwanza, watoto wamejaa hadi mlangoni, unapayuka toka asubuhi. Ilianza kukwaruza jioni tu, baadaye ikagoma kupanda, kwaya ndo basi tena. Kupitishwa kamera kooni wakakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, ni kama sugu ya mkono wa mshika jembe. Wenzangu vipi?

Konda_Mstaafu: Posta Kariakoo Postaaa... umenikumbusha mbali mwl 😂

Bi_Karafuu: Mumunya karafuu. Na yai bichi kila asubuhi.

Kijana_wa_Maabara: Yai linapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Likifika huko umepaliwa hujapona.

Bi_Karafuu: Bibi yangu kaimba taarabu mpaka uzeeni, wewe umeimba wapi?

MamaPacha: Acheni mayai yenu. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa goita, naamka namwita nesi hakitoki kitu, pumzi tupu, nikinywa maji napaliwa, mama mkwe anasema nimefungwa, nikapelekwa kwa mganga pesa ikaliwa, kumbe mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti unapita nyuma ya goita palepale, ukiguswa uzi wa upande huo unalala. Hakuna aliyeniambia kabla!! Nikipiga simu watu wanakata wanajua ni mtandao. Mazoezi ya sauti ndo yamenirudisha, tena sio yote.

Konda_Mstaafu: Pole dada. Shemeji alifurahi ukimya? 😂

MamaPacha: Alilia, mjinga wewe.

Chai_Rangi: Mimi ni tindikali ya tumboni, inapanda usiku hadi kooni, asubuhi naongea kama jenereta. Msile mkalala hapohapo.

Dada_Kwaya: Ikikauka nong'ona tu.

Kijana_wa_Maabara: Usinong'one, inakamua koo zaidi! Nyamaza, kunywa maji. Ya mafua huwa inarudi yenyewe, ila ikipita wiki 3 nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hasa wavuta sigara, saratani ya koo inaanza hivihivi.

Konda_Mstaafu: Fegi nimeacha, sauti bado ndo hii. Hiyo kamera inauma?

Mwl_wa_Zamu: Inapitia puani, wanapuliza ganzi. Pua inawasha tu, machozi yanatoka. Nenda kaka.

Bi_Karafuu: Na yai usiache.