Nilimeza mseto, Septrin na diclofenac kabla sijajua nina mimba. Nifanyeje?

Dagaa_Kayenze

Habari zenu wapendwa. Niko Kayenze, Ilemela, naanika na kuuza dagaa. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 4 Agosti. Tarehe 6 Septemba homa ikanishika vibaya: baridi, viungo vinauma, na mkojo unachoma. Nikaenda zahanati moja, wakanitoboa kidole, malaria ipo. Nikapewa mseto, vile vidonge vya njano, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Nikaongezewa Septrin za siku tano kwa ajili ya UTI, na diclofenac za maumivu. Nilimeza zote, nikapona. Hakuna aliyeniuliza kama nimeziona siku zangu.

Sasa siku hazijaja, nimepima mkojo, mistari miwili. Mimba hii nimeitafuta kwa muda mrefu na nimeililia sana.

Wifi yangu anaapa kuwa mtoto atazaliwa kilema. Jirani ameshanitajia mtu wa mjini wa kunitolea. Mume wangu yuko kambini visiwani, kwenye simu ananiambia niangalie lililo jema. Mimi sitaki kuitoa. Nataka mwenye ujuzi aniambie kila dawa imefanya nini, hata kama jibu ni chungu. Kunifariji tu hakutanisaidia, maana nyumbani natakiwa kujibu hoja.

Mama_Igoma

Hongera mdogo wangu, na pole kwa homa. Huyo mtu wa mjini usimtafute kabisa. Nilimuuguza binamu yangu aliyetolewa mimba chumbani kwa mtu, damu ilimtoka mpaka tukadhani tunampoteza. Subiri wenye taaluma wakujibu.

Mfamasia_Kirumba

Dada, umefanya vizuri kutaja tarehe, maana kwenye jambo hili tarehe ndiyo kila kitu. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, ulianza dawa mtoto akiwa na siku kama 19 tangu mimba kutungwa. Kliniki watahesabu kuanzia hedhi, kwa hiyo watakwambia ulikuwa wiki ya tano. Usichanganyikiwe, ni kitu kilekile.

Nianze na mseto, kwa sababu ndio wifi yako anaouogopa zaidi na ndio wenye majibu mazuri. Zamani miezi mitatu ya kwanza tulielekezwa kutoa kwinini, kwa vile ushahidi wa mseto kwa binadamu ulikuwa haujatosha. Ushahidi ulipokusanyika, Shirika la Afya Duniani likapendekeza mwezi Novemba 2022 kwamba artemether-lumefantrine, ndiyo hiyo ALU uliyomeza, itumike kutibu malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo ya mwanzo. Na mwambie wifi kwamba kilichokuwa kinamtishia mtoto ni malaria yenyewe. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mama anapungukiwa damu, mimba inaweza kutoka, au mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Kumaliza dozi kumemsaidia mwanao.

Diclofenac: usirudie. Zipo tafiti zinazohusisha dawa za kundi lake, ibuprofen ikiwemo, na mimba kutoka mapema. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Zile ulizomeza zimeshatoka mwilini. Ukiumwa kichwa au homa ikirudi, tumia paracetamol kwa dozi yake, halafu upimwe, usikae na homa nyumbani.

Septrin ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa ukweli, kama ulivyoomba. Ndani yake kuna trimethoprim, ambayo inazuia mwili kutumia vitamini iitwayo foliki asidi. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na foliki asidi inahitajika sana hapo. Siku zako tano ziliangukia ndani ya kipindi hicho. Tafiti zimeonyesha ongezeko la kasoro za uti wa mgongo na za moyo kwa waliotumia dawa za aina hii mapema. Ongezeko lipo, lakini sehemu kubwa ya wanawake hao walizaa watoto wazima. Kumbuka pia kwamba hata pasipo dawa yoyote, takribani watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukwambia kwa uhakika kuwa mwanao ni kilema, na hii si sababu ya kutoa mimba.

Nenda kliniki wiki hii, usingoje tumbo lionekane. Beba pakiti au cheti cha dawa. Waambie kuhusu Septrin ili wakupe foliki asidi kwa kiwango wanachoona kinafaa. Usijinunulie zile za miligramu 5, kwa sababu baadaye zitagongana na SP ya kuzuia malaria. Kati ya wiki ya 18 na 22 omba altrasaundi ya kuangalia mgongo na moyo, hospitali ya Sekou Toure au Bugando ikibidi.

Watu wanaogopa dawa zote kwa sababu ya thalidomide, na hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Iliuzwa Ulaya kuanzia 1957 hadi 1961 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu, watoto zaidi ya 10,000 wakaathirika, wengi bila mikono au miguu kamili. Hata hivyo, ile ilikuwa dawa mahususi katika siku mahususi. Kila dawa ihukumiwe kwa rekodi yake.

Na wenzangu mlioko zahanati na madukani: muulizeni mwanamke hedhi yake ya mwisho kabla hamjampa Septrin. Ni swali la sekunde chache. Naumia kila ninapoona limerukwa.

Nyamanoro_K

Naongezea kwa wenye kifafa kama mimi. Nilikuwa natumia valproate. Daktari wangu alinieleza kuwa mtoto 1 katika kila 10 hivi walio tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro kubwa, akanibadilishia dawa kabla sijashika mimba. Msiache wenyewe ghafla, degedege la mfululizo linaua mama na mtoto. Muoneni daktari mkiwa bado mnapanga.

Dagaa_Kayenze

Mungu awabariki. Nimemsomea wifi yote, amekaa kimya, amesema tutakwenda wote kliniki. Swali moja, Mfamasia: dada yangu anaishi na VVU, anameza Septrin kila siku pamoja na ARV zake, naye ni mjamzito. Nimwambie aache?

Mfamasia_Kirumba

Hapana, asiache hata siku moja bila kuambiwa na wanaomtibu. Kwake Septrin inakinga maradhi yanayoweza kumuua, na faida hiyo inazidi hatari. ARV ndizo zinazomkinga mtoto asiambukizwe. Kitu kimoja akiseme wazi kliniki: anatumia Septrin, kwa hiyo asipewe SP juu yake. Zote mbili ni za salfa, zikiunganishwa madhara yanaongezeka, na Septrin yenyewe inampa kinga dhidi ya malaria. Wewe usiyetumia Septrin utaanza SP muhula wa pili, kamwe si sasa. Chandarua mlale nacho wote wawili.

Dagaa_Kayenze

Nimempigia sasa hivi. Alikuwa ameshaziacha tangu Jumapili kwa kumsikiliza jirani. Ameanza tena mchana huu, na kesho anapita kituoni kwake kuwaeleza.