Yule msimamizi wa TP (mafunzo ya ualimu kwa vitendo) huku Moshi AMEFUTA S UBAONI. Mnamjua, msijifanye hamumjui

ChakiNyeupe

Wakuu, leo hakuna salamu. Yule mzee wa tathmini, yule wa mkoba wa kahawia anayekagua shule zilizo kando ya lami tu, kaingia Form One B zikiwa zimebaki dakika 10 kipindi kiishe. Kakaa nyuma kama mjumbe wa nyumba kumi. Mara kainuka, kapita katikati ya madawati, kachukua dasta, kafuta S.

Ubao ulikuwa unasomeka: *One of my friends lives in Himo.* Sasa unasomeka: *One of my friend lives in Himo.* Kafuta kwa mkono wake, watoto 80 wanamtazama, halafu kawageukia: "Andikeni." Na wakaandika! Madaftari 80, S 80, zote marehemu. NECTA (Baraza la Mitihani) wakija kushangaa matokeo ya Kiingereza mkoa huu, waanzie kwenye lile dasta.

Kutoka nje anauliza hatua ya Reinforcement iko wapi kwenye andalio la somo. Mzee wangu, Form One wako kwenye muhtasari wa 2023! Andalio lake lina Introduction, Competence Development, Design na Realisation. Reinforcement na Reflection ni za andalio la zamani, kaziulizie vidato ambavyo mtaala mpya haujawafikia. Hakusikia. Kakata alama. Kakata nyingine kwa sababu idadi ya wasichana na wavulana waliohudhuria haikujumlishwa. Mahudhurio yake yeye anajaza nani? Na Remarks, yaani maoni ya mwalimu baada ya somo, alitaka ijazwe kabla kengele haijalia. Huo ni ualimu au unabii?

Hayo yote nasamehe. Ile S simsamehe.

MangiWaKiboriloni

Hahahaha nimecheka mpaka konda kanigeukia. Mzee kasikia *one*, kaona wingi, kachukua hatua za kisheria papo hapo.

Mama_Azimio

Pole mwalimu. Kwa faida ya wanaosoma: kitenzi kinamfuata *one*, ndiyo maana *lives*. *Friends* inabaki wingi kwa kuwa marafiki ni wengi, huyu katolewa miongoni mwao. Watoto wetu wanakosea hapa kila mwaka kwa sababu kwetu tunasema "mmoja wa rafiki zangu": hapo rafiki haibadiliki, wingi umekaa kwenye "zangu". Wanahamisha hivyo hivyo. Mzee naye kahamisha, ila yeye analipwa posho.

Kesho usimtaje mbele ya watoto. Kata katoni vipande, panga ubaoni safu nne: *One of* / *my, our, her* / *friends, sisters, teachers* / *lives, works, sings*. Kila dawati litoe sentensi yake kwa kuchukua kipande kimoja kila safu. Usiweke umoja hata mmoja kwenye safu ya tatu, ukiuweka umewapa mlango wa kutorokea. Kisha uliza swali moja tu: *Do I have one friend or many?* Wakijibu *many*, wafungue daftari la leo wairudishe S wenyewe. Dakika 15 zinatosha. Usiache wiki ipite, wakishazoea kuliona hivyo kwenye mwandiko wao wenyewe utahangaika nalo mpaka Form Four.

ChakiNyeupe

Asante sana dada. Lakini umeelewa kwamba ALIIFUTA? Kwa DASTA?

Sakina_Boy

Mkuu tumeelewa, kafuta. Mimi nina swali. Kipindi dakika 40, mzee kaingia ya 30. Dakika ya 30 sentensi ya mfano inafanya nini ubaoni bado? Muda huo watoto wanatakiwa wawe wanaongea wawili wawili, wewe unazunguka unasikiliza. Isije ikawa ulikuwa unahutubia tu toka utangulizi, na mzee kaja kukuokoa.

ChakiNyeupe

Ilikuwa ubaoni kama KIELELEZO, wewe wa Arusha. Dawati la watatu limekaliwa na wanne, hao wawili wawili unawagawaje? Na hata ningekuwa nahutubia, ndiyo afute S?

Sakina_Boy

Wanne ni wawili mara mbili mkuu. Hesabu nazo alikufundisha yeye?

MangiWaKiboriloni

😂😂😂 huyu kafutwa vibaya kuliko S

Mwl_Mtarajiwa

Tuwe serious kidogo. Msimamizi hakatizi somo. Anakaa nyuma, anajaza fomu, mkimaliza mnatoka pembeni anakueleza, hata kama aliyekosea ni wewe. Akikurekebisha mbele ya darasa anakuharibia wiki zote zilizobaki, watoto hawakusikilizi tena. Mwandikie mratibu wa TP chuoni: shule, tarehe, kidato, kipindi, alichoandika kwenye fomu. Ambatanisha picha ya ubao na ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi. Usimtukane, mwambie tu unaomba kutathminiwa upya na mtu wa somo la Kiingereza. Maana huenda yule ni wa Jiografia. Msimu wa TP vyuo vinatawanya wahadhiri wote, aliyepo ndiye anayepanda gari. Picha ya ubao unayo?

ChakiNyeupe

Sina. Watoto wa zamu walishafuta ubao.

MangiWaKiboriloni

Kwa hiyo na S zilizobaki zimekwenda. Pumzikeni kwa amani.

Kibosho_Juu

Mnalia kwa kufutiwa S, sisi huku juu tungefurahi hata akija kutufutia ubao mzima. Mvua ikishika, bodaboda hazipandi na msimamizi hapandi. Akipanda siku moja anataka aone masomo mawili kwa mkupuo ili asirudi. Ratiba inavunjwa, Form Two wanatolewa kwenye Hesabu, wanafundishwa Kiingereza ambacho azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) linasema ni cha wiki ijayo, halafu anaandika "somo haliendani na azimio". Nani kalivunja?

FizikiaSiyoMchezo

Kiingereza mnadekezwa. Zana zenu katoni na gazeti la juzi. Huku Fizikia unaambiwa "buni", yaani ununue betri, waya na balbu kwa hela ya kula, halafu balbu inaungua mbele ya msimamizi.

UsaRiver_Finest

Msimamizi anakuja mara mbili tu. Shida ni shule zenyewe. Mkuu wa shule akisikia watu wa TP wamefika, wenye vipindi wanageuka wageni waalikwa. Unabebeshwa vipindi vyao, zamu, na insha za mikondo mitatu.

Mama_Azimio

Insha msisahihishe kila kosa jamani, mtazeeka kabla ya cheti. Chagua kosa moja kwa wiki, mfano nyakati tu. Pigia mstari, weka T (tense) pembeni, usimwandikie jibu. *Sp* kwa tahajia, *WO* kwa mpangilio wa maneno. Wabadilishane madaftari kabla hayajakufikia wewe, nusu ya makosa yanaishia hukohuko dawatini. Ila kwanza uwafundishe zile alama, wengine wanadhani T ni tiki.

Kibosho_Juu

Hiyo ya T umenikamata 😂

NgojaAjira

Mnagombana na msimamizi, subirini Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi serikalini. Huko ndiko mtafutwa majina kamili. Vyeti vithibitishwe na wakili, barua ya maombi iwe na saini, ukisahau saini hujaomba kazi. Ukipita hapo kuna usaili wa kuandika. Swali langu: cheti cha Form Four kina majina mawili, cha kuzaliwa matatu. Inakuwaje?

Mwl_Mtarajiwa

Shughulikia mapema kwa wakili, usingoje tangazo litoke. Tangazo likitoka foleni ya mawakili inafika nje. Na scan vizuri iwe PDF, picha ya simu yenye kivuli cha kidole usiweke.

UsaRiver_Finest

Wakili wa bei poa Arusha mjini yuko wapi? Niliyeulizia leo anahesabu kila ukurasa, mpaka wa nyuma usio na kitu.

FizikiaSiyoMchezo

Mwambie unataka mhuri ukurasa wa mbele tu. Na nenda asubuhi, ikifika saa sita wanakwenda kula na hawarudi.