Kwa nini nazi za Bikini haziliki mpaka leo?

Mkulima wa Mafia: Wadau, habari za leo. Nimekulia chini ya minazi hapa Mafia, na habari hii imenikaa moyoni. Wenyeji wa Bikini, Visiwa vya Marshall, walihamishwa 1946 ili Marekani ijaribu mabomu yake. Wachache walirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970. 1978 wakaondolewa tena kwa sababu chakula cha pale kilikuwa na sumu ya mionzi. Nasikia kutembea kisiwani si hatari kubwa, ila nazi usile. Sumu inaingiaje kwenye dafu lililofungwa vile, na mnazi wenyewe umestawi?

Mpima Udongo: Inapitia mizizini, ndugu yangu. Bomu la Bravo, ambalo Marekani ililipua pale Bikini Machi 1, 1954, lilikuwa la megatoni 15, mara elfu hivi ya lile la Hiroshima. Lilisaga matumbawe yakarushwa juu yakiwa yamebeba mionzi. Kule Rongelap, visiwa jirani vyenye watu, yakaanguka kama unga mweupe, watoto wakauchezea. Moja ya sumu hizo za mionzi, iodini-131, iliisha baada ya wiki kadhaa, ikiwa imeshaharibu tezi zao za shingoni. Iliyodumu ardhini ni nyingine, sesiamu-137, inayopungua nusu kila miaka 30.

Kwa mmea, sesiamu inafanana na potasiamu, madini ambayo mmea huyahitaji kama chakula. Udongo wa mfinyanzi huishika isiachie, lakini Bikini ni mchanga wa matumbawe, na potasiamu yake haba. Mnazi wenye njaa ya potasiamu hufyonza sesiamu, ikapanda hadi kwenye maji ya dafu na nyama ya nazi. Samaki wana kidogo tu, maana maji ya bahari yana potasiamu tele.

Bi Mwanaidi: Si wakwangue udongo wote wautupe?

Mpima Udongo: Hapana, dada! Rutuba yote iko kwenye tabaka lile la juu. Ukilitoa, unawarudishia watu mchanga mtupu usio na mti. Kukwangua kunafaa kwenye makazi tu, watoto wanapocheza. Watafiti wa maabara ya Livermore ya Marekani walimwaga mbolea ya kloridi ya potasiamu, na sesiamu kwenye nazi ikashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Mimi naiheshimu sana kazi ile.

Mkulima wa Mafia: Sisi humwaga majivu shinani mwa mnazi. Ni jambo lile lile?

Mpima Udongo: Majivu ya kuni yana potasiamu, ndiyo, ila kwa kisiwa kizima yasingetosha. Na fahamu kwamba mbolea haiondoi sesiamu ardhini. Inauzuia mnazi usiinyonye, huku mvua ikiishusha kidogo kidogo hadi kwenye maji ya chini.