Bodi ipi inafaa kwa wanafunzi wanaoanza: Arduino Uno, ESP32 au Pico?

MwalimuBusia: Hamjambo wanajukwaa. Chuo chetu cha ufundi hapa Busia kimepata fedha za kununua bodi za mikrokontrola (vikompyuta vya chipu moja vya kuendeshea taa, mota na sensa) kwa wanafunzi wa umeme ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Mezani nimebaki na Arduino Uno, ESP32 na Raspberry Pi Pico, na oda inatakiwa kabla ya muhula kufunguliwa. Ningependa kuwasikia waliokwisha kufundisha.

FundiArua: Mwalimu, swali lako ni la nusu. Wanafunzi ni wangapi, kompyuta ni ngapi, na intaneti ipo darasani au ni bando la simu yako? Usipotueleza hayo, kila mtu ataipigia debe bodi aliyonayo nyumbani.

DadaMbale: Mimi naipigia debe Pico, tena bila aibu. Ilipotoka mwaka 2021 bei yake ilikuwa dola 4, na RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni kilobaiti 264, ilhali Uno ya kawaida ina 2 tu. Zaidi ya hapo, kwa MicroPython, yaani lugha ya Python ya bodi ndogo, mwanafunzi anaandika mstari mmoja, anabonyeza Enter, na taa inawaka palepale. Akikosea, anaona kosa lake kabla hajalisahau.

FundiArua: Pico ya kawaida huja bila pini, dada. Nani atalehemu pini 40 kwa kila bodi?

DadaMbale: Wanafunzi wa umeme wasiojua kulehemu wanasomea nini?

MzeeJinja: Niwasimulie yaliyonipata. Nilinunua ESP32 kumi na mbili kwa sababu ya Wi-Fi yake, pamoja na nyaya za USB za bei nafuu kutoka duka moja la mjini. Siku ya kwanza nilikuta kwamba programu ya Arduino haiitambui ESP32 mpaka upakue faili za ziada za mamia ya megabaiti, na bando langu likaisha kabla kompyuta ya pili haijamaliza. Siku ya pili kompyuta hazikuiona bodi hata moja. Tulilaumu draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kuitambua bodi), tukazilaumu bodi zenyewe, na asubuhi nzima ikapotea, hadi kijana mmoja anayetengeneza simu sokoni aliposema kwamba nyaya zile ni za kuchajia tu na hazina nyuzi za kupitishia data. Wiki ya tatu kikundi kimoja kiliunganisha sensa ya umbali ya HC-SR04 moja kwa moja. Sensa ile hurudisha volti 5, ilhali pini za ESP32 ni za volti 3.3, na bodi mbili hazikuamka tena. Uno inafanya kazi kwa volti 5, na chipu yake, katika toleo lenye soketi, inachomolewa na kubadilishwa. Mwanafunzi anayeanza ataunguza kitu tu.

DadaMbale: Mzee wangu, pole, lakini rezista mbili za kugawanya volti zingeziokoa bodi zako, na hilo lenyewe ni somo la umeme.

MzeeJinja: Ni somo la mwezi wa pili, mwanangu.

MwalimuBusia: Naomba radhi kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Wanafunzi ni 24, kompyuta zinazofanya kazi ni nane, tatu kati yake zina Windows 7, na intaneti ni simu yangu.

FundiArua: Sasa tunazungumza. Kwenye hizo tatu weka Arduino IDE, programu ile ya kuandikia na kupakia msimbo, ya toleo la 1.8, kwa maana la 2 linataka Windows 10. Ukinunua Uno za kunakili, tia draiva ya CH340, chipu ya USB ya bodi hizo, kwenye flashi mapema.

KijanaGulu: Kwa nini msianze na Wokwi, ambayo huiga bodi ndani ya kivinjari bila kuunguza chochote?

MzeeJinja: Kivinjari kinataka intaneti, kijana. Halafu fundi atakayetengeneza mashine ya kutotolea vifaranga lazima aguse waya.

DadaMbale: Programu ya mashine hiyo itaandikwa kwa lugha ya C au ya Python? Wanafunzi wangu walikwama kwenye nukta-mkato za C wiki mbili nzima.

FundiArua: Wangu walikwama kwenye nafasi za mwanzo wa mstari za Python. Hakuna lugha isiyo na mwiba.

MwalimuBusia: Nilikuwa nimeelekea kwenye Uno nane, moja kwa watu watatu. Leo mkuu wa chuo ameniambia kuwa wageni wakija angependa waone taa ikiwashwa kwa simu, kwa hiyo anataka ESP32. Mzee, waya wa data unatambulikaje dukani kabla ya kulipa?

MzeeJinja: Nenda na simu yako na kompyuta mpakato. Waya usiofungua picha za simu kwenye kompyuta, uache hapohapo.