Skuli zikifunguliwa nimrudishe mwanangu au nimzuie? Naomba ushauri

Mama wa Wete
Assalam alaykum wana jukwaa. Nishaurini, maana usingizi umenipotea. Skuli zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Bara vyuo na kidato cha sita wamerudi tangu 1 Juni hii ya 2020, na huku Pemba mtaani kila mtu anasema zetu nazo hazina siku nyingi. Mwanangu yuko kidato cha pili. Darasa lao wanakaribia tisini, wanakaa wanne wanne dawatini, na bomba la maji ni moja tu, nyuma ya ofisi, limefungwa mpira wa baiskeli lisivuje. Nyumbani nina mama yangu mzee, ana pumu tangu ujana wake. Kijana akituletea maradhi humu ndani nitakwenda wapi? Nimzuie mpaka mwakani?

Kojani Kwetu
Wa alaykum salaam. Zifunguliwe tu. Sokoni twabanana, msikitini twaswali, boti ya Unguja inajaa mpaka ngazini. Ni watoto peke yao ndio wafungiwe?

Mchungwa
Usimpeleke, dada. Hesabu ya taifa imesimama kwenye wagonjwa 509, tangu hapo kimya. Hatujui maradhi yamefika wapi, halafu tuwajaze watoto chumba kimoja?

Kojani Kwetu
Na msisubiri la Dodoma. Skuli za msingi na sekondari si jambo la Muungano, Wizara yetu itasema yenyewe. Linalotuunganisha ni Baraza la Mitihani.

Ami wa Mikarafuuni
Wanangu, mie nawaambia la kwangu. Mwaka mmoja karafuu zilikubali hasa, mti mmoja unachuma siku mbili. Nikatoka darasa la saba nikachume, nikilipwa kwa pishi. Nilinunua redio na kanzu ya Idi. Msimu ukaisha, wenzangu wakarudi skuli, mie nikaona haya kukaa na wadogo. Mpaka leo barua ya benki nasomewa na mjukuu. Basi mtoto asome.

Mwalimu wa Mchana
Mimi nasomesha, na bomba kama hilo nalijua. Lakini dada, kuna kitu hujasema. Tangu Machi kijana anafanya nini?

Mama wa Wete
Yupo, ananisaidia.

Mwalimu wa Mchana
Kukusaidia nini? Vipindi vya redio anasikiliza? Daftari kalifungua?

Bint Micheweni
Mwalimu, mwache mama wa watu apumue, hii si usaili!

Mama wa Wete
Haya, nasema. Tangu Ramadhani anakwenda dikoni, pale ngarawa zinaposhusha samaki, anachemsha dagaa na kuwaanika. Baba yake alikuwa hotelini Unguja, hoteli ikafunga, tangu mwezi wa nne hakuna kilichokuja. Jana kijana kanitia elfu kumi na tano mkononi, pesa ya dagaa, hakubakisha hata ya soda. Tajiri kasema anayetaka nafasi asikose siku, nami nimeshamjibu kuwa atakuwepo mpaka msimu uishe. Msinihukumu. Nyumba nzima inakula kwa mikono yake. Na huko skuli, katika watoto tisini, atapata nini?

Mchungwa
Kumbe ushaamua! Mama na pumu yake umemtanguliza wa nini?

Mama wa Wete
Mama anaumwa kweli. Kwani mtu hawezi kuwa na hofu mbili?

Mvuvi wa Usiku
Ngojeni kwanza. Jana ilikuwa tarehe 13 Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, mbaamwezi imewaka kama mchana. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbaamwezi sisi tumekaa ufukweni tunashona nyavu. Hiyo pesa ya dagaa imetoka wapi? Huyu si mama, huyu ni mtu katumwa kuwatia watu hofu skuli zisifunguliwe.

Kojani Kwetu
Nami niliona, kajiunga leo leo.

Bint Micheweni
Hata hadithi hii niliisoma kwingine, huko mtoto alikuwa wa kike.

Mama wa Wete
Sikusema kavua. Nimesema anachemsha na kuanika. Tajiri wao hulipa giza likishapita, na siku hizi wanawatia maguniani dagaa wa giza lile. Kijana mikono imeungua kwa mvuke wa chumvi, vidole viwili kucha zimeng'oka. Sina haja ya kutunga.

Mvuvi wa Usiku
Malipo baada ya giza ni kweli, wengi hulipa hivyo. Niwie radhi, dada. Lakini kama kucha zinang'oka, tajiri huyo anunue glavu.

Mwalimu wa Mchana
Sasa tuzungumze. Kidato cha pili ana mtihani mwisho wa mwaka, na mwaka mzima nje hawezi kuufidia. Anaingia mkondo gani?

Mama wa Wete
Wa mchana.

Mwalimu wa Mchana
Basi asubuhi achemshe na kutandaza, mchana aje darasani, kugeuza na kukusanya afanye mwengine.

Mama wa Wete
Tajiri hatokubali nusu siku. Na hata akikubali, la mama yangu hamjanijibu hata mmoja.

Bint Micheweni
La bibi ni hili. Kijana akirudi avue sare uani, anawe kwa sabuni mpaka viwiko, alale ukumbini, na bibi awe na kikombe chake. Dawa ya pumu isiishe ndani. Na uanze leo, dada, usingoje skuli, maana hapo dikoni watu wangapi wanazunguka sufuria moja?