Nimebadilisha peptoni, E. coli haitoi tena indoli. Naombeni msaada

Mwoteshaji: Wakuu, habari zenu. Triptoni yetu, yaani peptoni (unga wa protini iliyovunjwa, chakula cha bakteria) tunayotumia kupima indoli, kemikali ambayo baadhi ya bakteria hutoa, iliisha, nikafungua kopo jingine lililoandikwa "Peptoni". Nikapika kama siku zote: gramu 10 za peptoni, gramu 5 za chumvi, maji lita 1, otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) nyuzi 121 kwa dakika 15. Nikapanda E. coli ya udhibiti, ile inayojulikana kutoa indoli. Asubuhi mirija ilikuwa imechafuka vizuri, bakteria wameota. Nikadondoshea Kovacs, dawa ya kuonyesha indoli, nikisubiri ile pete nyekundu. Ikabaki njano vilevile. Nimerudia mara 3. Bakteria wangu wameharibika? Kuna sampuli 4 za wagonjwa nilizosoma hasi jana, roho haijatulia.

Fundi Mirija: Kovacs imezeeka hiyo.

Mwoteshaji: Nimefungua chupa mpya, mambo ni yale yale.

Mama Hadubini: Mwanangu, bakteria wako wazima. Geuza kopo usome maandishi madogo: peptoni hiyo imetokana na nini?

Mwoteshaji: Jelatini, imevunjwa kwa vimeng'enya vya kongosho.

Mama Hadubini: Basi tatizo ni hilo. Indoli hutoka kwenye triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na jelatini hutokana na kolajeni, protini isiyo na triptofani. E. coli hujitengenezea triptofani ya kujengea mwili wake, ndiyo maana imeota, ila haina ya ziada ya kuvunja mpaka uione pete. Tafuta kaseini (protini ya maziwa) iliyovunjwa kwa vimeng'enya, ndiyo triptoni. Usichukue iliyovunjwa kwa asidi, maana asidi huteketeza triptofani na kuacha chumvi nyingi.

Fundi Mirija: Hilo la asidi sikulijua, asante mama. Na ya soya je?

Mama Hadubini: Huotesha vimelea wengi kwa nguvu, lakini inakuja na sukari za mmea. Kipimo cha uchachushaji kitakudanganya, na E. coli ikipata sukari huzembea kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja triptofani.

Mwoteshaji, majibu ya jana yazuie sasa hivi, kabla hujapika kitu. Na kila kopo jipya lianze na E. coli pamoja na Klebsiella pneumoniae, moja chanya, moja hasi. Funika vizuri, unga huo hunyonya unyevu, ukishashika mabonge hata mizani haisemi kweli.

Mwoteshaji: Nimeyazuia. Nimepata triptoni, nimepanda upya.

Mwoteshaji: Mrejesho: pete imetokea papo hapo, nyekundu kabisa. Kati ya zile sampuli 4, 2 ni chanya.