Meli za ndizi za United Fruit: je, umeme ulistahili fedha za umma?

Mleta mada
Wakuu, tuijadili hii. Mwaka 1928 Marekani ilipitisha sheria ya meli za biashara: mkopo wa serikali hadi robo tatu ya gharama ya ujenzi, na mikataba ya kubeba barua kwa miaka kumi. Kwa mikataba hiyo United Fruit, kampuni ya ndizi ya Marekani, ikaunda meli sita za abiria na ndizi, zote za kuendeshwa kwa umeme: Talamanca, Segovia na Chiriqui kwenye karakana ya Newport News, na Antigua, Quirigua na Veragua kwenye karakana ya Quincy. (Segovia iliungua Desemba 1931 kabla haijakabidhiwa, ikajengwa upya kwa jina la Peten.) Mvuke unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota za propela mbili. Njia nyingine ni turbini kuzungusha propela kwa gia, na gia nzuri inapoteza kama asilimia 2 hadi 4 ya nguvu. Jenereta, nyaya na mota kwa pamoja zinapoteza 6 hadi 8, na uzito unaongezeka. Kwa nini mlipa kodi agharimie hasara hiyo?

Mchangiaji wa 2
Hesabu yako inafaa meli inayokwenda mbele tu. Turbini inazunguka upande mmoja. Ukitumia gia, lazima ufunge turbini nyingine ya kurudi nyuma. Hiyo huwa ndogo, na meli ikienda mbele inaburuzwa bure ndani ya mvuke. Kwa umeme, nguvu yote ya mbele unaipata pia kinyumenyume. Meli inayoingia Havana, Kingston, Cristobal na Limón katika safari moja inafanya hivyo mara nyingi.

Halafu kuna kasi. Turbini inataka kukimbia, propela inataka kwenda taratibu. Jenereta ya ncha 2 za sumaku ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mota ya ncha 48 inazunguka 125. Uwiano wa 24 kwa 1, na hakuna jino hata moja la kusagika. Gia za Marekani za wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia zilivunjika meno na kupiga kelele. Wenye meli hawakusahau.

Mchangiaji wa 3
Naunga mkono, ila msiipambe. Kugeuza mwendo kuna utaratibu wake. Kwanza punguza mwendo wa turbini. Ondoa umeme unaotengeneza sumaku kwenye jenereta na mota. Hapo ndipo unabadilishana fezi mbili (nyaya mbili kati ya tatu za umeme) kwa swichi ya mwelekeo. Rudisha sumaku ya jenereta, tena kwa kuzidisha, mota ianze kuzunguka kwa vyuma vya kuanzishia vilivyo kwenye rota yake, yaani sehemu yake inayozunguka. Ikikaribia kasi ya jenereta, ipe mota sumaku yake ishike mwendo, kisha ongeza mvuke.

Fundi akibadilisha fezi kabla sumaku haijaondolewa, cheche zinakula swichi. Mota ikichelewa kushika mwendo, vile vyuma vya rota vinapata moto hadi viungio vyake vinalegea. Na bandari za joto zina adui mwingine, unyevu: mota ikisimama na kupoa, maji yanatanda kwenye koili. Ndiyo maana zinawekewa hita za kuwashwa meli ikiwa gatini, na insulesheni inapimwa kabla ya kung'oa nanga.

Mchangiaji wa 4
Wapo wanaosema umeme wa propela ndio uliopoza ndizi. Si kweli. Umeme ule unapanda na kushuka mizunguko kufuatana na mwendo wa meli; feni ukiifunga hapo, itapungua nguvu kila meli inapopunguza mwendo. Kwa kawaida ya meli za aina hii wakati ule, feni na mashine za baridi zilikuwa na jenereta zake ndogo.

Na ndizi haisubiri. Gros Michel, aina ya ndizi ya wakati ule, ilipakiwa mbichi, mikungu mizima, ikahitaji kushushwa hadi nyuzi 12 hivi upesi baada ya kupakia. Ikishuka chini ya 11 kwa muda, ganda linakuwa la kijivu na haiivi vizuri. Hewa isipobadilishwa, mkungu mmoja ulioanza kuiva unaivisha ghala zima.

Mchangiaji wa 5
Mnashindanisha umeme na gia tu. Dizeli je? Ilikula karibu theluthi moja pungufu ya mafuta, na Ulaya ilikuwa tayari inaunda meli za matunda za dizeli miaka hiyohiyo.

Mchangiaji wa 2
Kwa uzito wa mafuta, sawa. Lakini mafuta mazito ya boila yalikuwa ya bei nafuu kuliko ya dizeli, na abiria waliolipia vyumba walitaka utulivu. Mtikisiko wa dizeli za wakati ule ulifika hadi kitandani.

Mleta mada
Hoja ya kurudi nyuma naikubali, na ya meno ya gia pia. Lakini hizo ni faida za kampuni na abiria wake. Umma ulipata nini? Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, jeshi la majini lilizichukua kubeba vyakula vya baridi: Quirigua ikawa Mizar, Chiriqui ikawa Tarazed, Veragua ikawa Merak. Zilihitajika kwa ajili ya maghala yake na mwendo wake, na vyote viwili vingepatikana kwa gia. Anayeona mota zilileta faida ya ziada kwa umma, aitaje.